Wino wa Cyriaque

Wewe unayetabasamu hapo, tabasamu mapema, maana ukifika katikati utaanza kutafuta taa. Mmekaa na simu zenu mkidhani kisichopigwa picha hakipo. Mimi sina picha. Nina ulimi, na huo ulimi ndio kesi yenyewe. Kwa hiyo funga mdomo, usome.

Naitwa Gahongayire, wa mtaa wa Niboye. Nilisoma Karagwe mpaka darasa la saba, basi. Kutengeneza kalamu za wino nilifundishwa na marehemu mume wangu, Valens. Siku hizi wanaoandika nazo wamebaki mapadri, mawakili na wajane.

Kanyange ni mjane. Alikulia Bujumbura, mimi Tanzania, kwa hiyo tukikutana tunaongea Kiswahili. Jioni moja mwezi uliopita nilikuwa nimekwenda kuchukua maziwa. Niliporudi na kidumu changu nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wangu, kakumbatia mkoba.

"Mukecuru, imekwama," akasema. Mukecuru ni bibi kizee, kwa lugha ya huku.

Ilikuwa kalamu ya mumewe, Cyriaque. Ile ya kubonyeza nyuma, nibu inatokeza mbele kupitia kijimlango kidogo. Ukibonyeza tena nibu inarudi ndani, na kijimlango kinajifunga kama kope ya jicho. Kikiganda kwa wino, hakifungi tena. Nibu inakauka, kalamu inagoma.

"Itengeneze, lakini wino uliomo usiumwage," alisema. "Aliujaza mwenyewe asubuhi tuliyompeleka hospitali. Hakurudi. Kila jioni naandika jina lake, mara moja tu. Nikiandika, namsikia yuko chumbani."

"Na ukiisha?"

"Nitajua ameondoka."

"Kanyange, huo ni wino. Sokoni Kimironko upo, chupa kwa chupa."

"Niahidi, mukecuru."

"Nimeahidi. Nenda, maharage yako yanaungua."

Kesho yake, jua likiinama, nilivuta kiti mlangoni nipate mwanga. Nikafungua kalamu, nikabana springi kwa kidole isiruke, nikachomoa kichwa cha nibu. Wino uliokuwa umebaki ulikuwa kidogo, mzito kama uji wa mtoto.

Mezani palikuwa na kichupa cha dawa ya macho. Kitupu. Kisafi. Ningeumimina humo, nioshe kalamu, niurudishe. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu.

Sikunyoosha.

Nilijiambia wino mzito utaziba tena. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na machozi ya Kanyange yalikuwa yameniudhi. Nikaumwaga kwenye beseni.

Kalamu huoshwa kwa maji baridi. Ya moto yanaharibu. Nikachukua kile kipira cha kumfyonza mtoto kamasi, nikasukuma maji kwenye nibu. Yakatoka ya bluu. Nikamwaga, nikasukuma tena. Bluu. Nikamwaga... nikasukuma... bluu ileile, haikufifia hata kidogo. Na harufu. Si ya wino. Dawa ya hospitali, na shuka iliyolaliwa sana.

Nikafuta kijimlango kwa pamba, nikaikausha nibu kwa kitambaa. Nikajaza wino wangu wa chupani, rangi ileile. Nikaandika. Kavu.

Basi nikafanya alichokuwa akifanya Valens, na mimi nafanya miaka yote nibu ikigoma.

Nikailamba.

Ulimi ukafa ganzi. Wote, mpaka kwenye shina. Kisha mdomo wangu ukafunguka, mimi sikuufungua.

"Kanya... funga dirisha. Mbu."

Sauti nzito. Ya mwanamume.

Naishi peke yangu.

Asubuhi ulimi ulikuwa wangu tena, na kalamu ikaandika vizuri kabisa. Nikampelekea mwenyewe mchana.

"Wino wake umo?"

"Umo," nikasema. Hilo nilisema mimi, msimsingizie mtu. Akanikumbatia.

Tangu hapo, kila jua likizama, ganzi inarudi. Nimesukutua kwa limau, kwa chumvi, kwa pombe ya ndizi. Nimesali rozari, na katikati ya Salamu Maria mdomo ukatoa kikohozi cha mgonjwa wa kifua. Jioni moja ukasema:

"Kanya, hapa ni wapi? Pana giza. Na meno machache."

Nimetukanwa na wengi maishani. Kutukanwa kutoka ndani, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nikaamua kwenda kumwambia ukweli Kanyange, mapema, mdomo ukiwa bado wangu. Nikafika nyumbani kwake jua lingali juu. Lakini aibu, jamani. Nikazunguka ile nyumba kama mwizi wa kuku, nikaenda mpaka barabarani, nikarudi. Nilipobisha hodi, ukuta ulikuwa umeshakuwa mwekundu.

Alikuwa mezani, kalamu mkononi. Amekonda. Karatasi mbele yake imejaa jina moja, juu mpaka chini.

"Inaandika vizuri, mukecuru. Lakini yeye haji tena." Akaweka kalamu. "Naandika, naandika, haji. Nimemkosea nini? Kule hospitali nililala usingizi wakati anakata roho. Labda ni hilo. Labda amenikasirikia."

Nikavuta pumzi nimwambie. Beseni. Kichupa. Mkono wangu mvivu.

Dirishani mwanga ukakatika.

"Kanya," mdomo ukasema. "Funga dirisha."

Hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda, akafunga dirisha. Komeo likagonga kioo. Kisha akaja, akapiga magoti mbele ya kiti changu, akanitazama mdomoni. Si machoni. Mdomoni.

"Ni wewe?" akanong'ona. "Uliniona nimelala. Umenikasirikia?"

Hapo ndipo nisipopaelewa mpaka leo.

Ganzi ilikuwa imelegea. Nilisikia ulimi una joto, unagusa meno, kama ulimi wangu wa siku zote. Nadhani ningeweza kusema. Nadhani ningeweza kumwambia, mwanangu, hujakosa kitu, aliyekosa ni mimi, nilimmwaga mumeo kwenye beseni la kuoshea vyombo.

"Hapana," nikasikia. "Sijakasirika."

Sauti ilikuwa nzito. Lakini na mimi nilikuwa na donge kooni, na kikongwe mwenye donge kooni sauti yake si ya kike.

Kanyange akalaza kichwa magotini mwangu, akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilikaa. Mkono wangu ulimpapasa nywele, sikumbuki kuutuma.

"Kesho utakuja?" akauliza bila kuinua uso. Sijui alikuwa anamuuliza nani.

Nikakiinua kichwa chake polepole, nikakiweka kwenye kiti. Nikabana midomo kwa meno mpaka nikaonja damu, isije ikajibu. Nikatoka, nikafunga mlango.