Tone Lililomwangusha Chuma

Mwenye bucha la mtaani alikuwa mtu wa miraba minne. Watu walimwita Chuma. Alibeba paja zima la ng'ombe begani, akalitundika kwenye ndoano huku akipiga mluzi. Sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Chuma, leo nipe nyama, usinipe mifupa!" wateja walimwambia.

"Mama, ng'ombe mwenyewe alikuja na mifupa yake," alijibu. "Ningemnyang'anya vipi?"

Watu walicheka, wakanunua. Kila jioni Chuma alirudi nyumbani koti lake likiwa na madoa ya damu, wala hakujali.

Mkewe alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Akijichoma na sindano alinyonya kidole, akaendelea na kazi, na mazungumzo yake hayakukatika. Mama yake Chuma pia aliishi nao. Watoto wakubwa walikuwa wameshaanza maisha yao. Aliyebaki nyumbani ni binti wa mwisho, msichana wa miaka kumi na minne. Kwa kuwa ndiye kitinda mimba, wote walimwita Kitinda.

Kitinda alipenda netiboli kuliko chakula. Alikuwa na miguu mirefu, na akiruka kudaka mpira, wenzake walibaki chini wakimtazama.

Siku moja, mchezo ukiwa umepamba moto, Kitinda aliteleza akaanguka. Goti lilichubuka. Aliinuka haraka, akainama kulitazama. Damu ilikuwa inachuruzika kuelekea kwenye soksi.

Ghafla masikio yake yakaanza kuvuma. Jasho jembamba likamtoka. Uwanja ukawa giza, akaanguka kama gunia. Mikono yake ikatikisika kidogo. Haukupita muda, akafumbua macho.

"Wamefunga?" aliuliza.

Lakini hakuna aliyekuwa anafikiria magoli tena. Wasichana walikuwa wamesimama mbali naye.

"Ana kifafa!" mmoja alisema. "Msimguse!"

Neno hilo lilifika nyumbani kabla ya Kitinda mwenyewe. Kesho yake hakutaka kwenda shule. Siku iliyofuata pia hakutaka. Alijifunika shuka mpaka kichwani.

"Mwanangu, amka ule," mama yake alimbembeleza.

"Sitaki, mama. Hakuna atakayekaa na mimi darasani. Mimi si mzima."

Bibi yake alikaa kitandani, akamkanda miguu. "Nani kasema? Mtu asiye mzima angenimalizia maandazi yangu vile?" Alimtania, lakini macho yake yalikuwa na wasiwasi.

Chuma alisimama mlangoni. Akaenda kazini bila kupiga mluzi.

Chuma alikuwa na siri. Damu ya ng'ombe, ya mbuzi, hata ya jirani aliyejikata, haikumsumbua hata kidogo. Lakini akiona tone la damu yake mwenyewe, masikio yalivuma na macho yakaingia giza. Ilianza tangu ujana wake. Kisu kikimparuza kidole pale buchani, aliwaambia wateja anakwenda nyuma kutafuta kisu kingine. Huko nyuma alilala sakafuni mpaka dunia itulie. Mara moja hakuwahi kufika huko nyuma. Alianguka akapasuka juu ya jicho. Nyumbani alisema amegongwa na ndoano.

Alikuwa hajawahi kupimwa damu. Mkewe akimwambia waende kupima, alijibu, "Mimi ni mzima, nipimwe nini?" Mkewe alidhani ni ubishi tu. Na Chuma angesemaje? Mtu anayeitwa Chuma, anayeshinda katikati ya damu, aseme anaogopa tone lake mwenyewe? Mtaa mzima ungemcheka.

Jioni ile mkewe aliamua kumwita jirani yao, nesi wa zahanati. Nesi alikuja akiwa bado amevaa viatu vya kazini. Walikaa wote sebuleni: nesi, bibi, mama, Chuma na Kitinda mwenyewe.

"Kitinda, niambie yote," nesi alisema kwa upole. "Kabla hujaanguka ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia goti langu. Damu ilikuwa inatoka."

"Ulihisi nini?"

"Masikio yalivuma. Nikatoka jasho. Nikaona giza."

"Ulipozinduka, ulijua uko wapi?"

"Nilijua. Niliuliza kama wamefunga."

"Ulijiuma ulimi? Ulijikojolea?"

"Hapana, dada nesi!" Kitinda aliona haya.

Nesi alitabasamu. "Basi sikilizeni. Kwanza, hata kingekuwa kifafa, kifafa ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Kina dawa. Hakiambukizwi kwa kumgusa mtu. Waliomkimbia huyu mtoto walikosea. Pili, haya anayoyasema hayafanani na kifafa. Yanafanana na kuzimia kwa sababu ya kuona damu. Kesho tutampima zahanati tuwe na uhakika. Sasa niwaulize. Hali hii mara nyingi huwa katika familia. Kuna mwingine hapa akiona damu yake anaanguka?"

Mama alitikisa kichwa. Bibi alitikisa kichwa. Chuma alitazama mikono yake.

"Mimi," alisema.

"Wewe nini?" mkewe aliuliza.

"Mimi pia naanguka."

Kisha bibi akaangua kicheko.

"Mwanangu, wewe na bucha lako?"

Mkewe alimshika bega. "Baba Kitinda, najua unampenda mwanao. Lakini usimdanganye."

Hata Kitinda alimtazama baba yake kwa huruma. "Baba, wewe huogopi kitu. Usijisumbue. Huwezi kunielewa."

Maneno hayo yalimchoma Chuma kuliko kisu chochote. Aliona machozi ya binti yake. Akanyoosha mkono hadi kwenye cherehani, akachomoa sindano kwenye kitambaa.

"Shemeji, subiri," nesi alisema. "Kaa kwanza—"

Chuma alikuwa ameshajidunga. Tone dogo la damu likatokeza kwenye ncha ya kidole, jekundu na la mviringo. Akaliangalia.

"Mnaona?" alisema. "Halafu masikio..."

Uso wake ukawa kama majivu. Magoti yakalegea. Nesi alimdaka kwapani, mkewe akamdaka mkono mwingine, lakini nani awezaye kumzuia Chuma? Wote watatu walishuka chini pamoja, juu ya rundo la vitambaa vya wateja. Mikono ya Chuma ikatikisika kidogo.

"Yesu na Mtume!" bibi alipiga kelele. "Leteni maji mumnyweshe!"

"Hapana, bibi," nesi alisema. "Asiye na fahamu hanyweshwi kitu, atapaliwa. Msimwinue. Msimzunguke, apate hewa. Kitinda, lete kigoda. Tumpandishie miguu."

Kitinda alileta kigoda mbio. Waliinyanyua ile miguu mizito, wakaiweka juu yake. Nesi alilegeza mkanda wa Chuma, akamshika kifundo cha mkono kusikiliza mapigo.

"Angalia, Kitinda. Rangi inarudi."

Chuma alifumbua macho. Aliona dari. Akaona nyuso nne zikimwinamia.

"Sasa mnaniamini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mkewe alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Miaka yote hii! Na lile kovu juu ya jicho?"

"Haikuwa ndoano," Chuma alisema.

"Mwongo mkubwa wewe!" Mkewe alimpiga kofi la mapenzi kifuani, kisha akaacha mkono wake hapo hapo.

Kitinda alipiga magoti karibu na baba yake. "Baba, hata mikono yako ilitikisika. Kumbe ndivyo nilivyokuwa?"

"Ndivyo ulivyokuwa," nesi alimjibu. "Si wazimu wala si pepo. Wala si woga. Mwili una mshipa wa fahamu unaotuma habari kwenye moyo. Kwa watu wengine, wakiona damu yao, mshipa huo hutuma habari vibaya. Moyo unapunguza mwendo. Mishipa ya damu ya miguuni inapanuka, damu inashuka chini. Kichwani inabaki kidogo. Ubongo ukikosa damu ya kutosha, mtu anaanguka. Akilala chali, damu inarudi kichwani, anazinduka. Ndiyo maana tunapandisha miguu."

"Lakini ng'ombe nachinja!" Chuma alisema akiwa bado sakafuni.

"Hiyo ni ya ng'ombe, shemeji. Wengine huanguka hata wakiona damu ya mtu mwingine. Wengine ni ya kwao tu. Wengine kama mama Kitinda wananyonya kidole wanaendelea kushona. Miili haifanani. Aliyezimia si dhaifu, na asiyezimia si shujaa."

Bibi alijipiga paja. "Jamani! Marehemu mume wangu! Kila akijikata akinyoa ndevu, nilimkuta amelala mlangoni. Nikimuuliza, anasema anapunga upepo!"

Walicheka mpaka Chuma akashika tumbo. Kitinda alicheka kuliko wote. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mchezo.

Kabla ya kuondoka, nesi aliwafundisha jambo moja. "Dalili zikianza tu, masikio yakivuma au jasho likitoka, kaeni au laleni chini hapo hapo. Msione haya. Anayeanguka akiwa amesimama ndiye anayeumia kichwa. Kisha kazeni misuli. Kazeni mapaja, tumbo na mikono, kwa nguvu, mpaka mhisi uso unapata joto. Pumzikeni kidogo bila kulegea kabisa. Kazeni tena. Hiyo inasukuma damu irudi juu."

Chuma na binti yake walijaribu pale pale. Walikaa kwenye kochi, ngumi zimefumbwa, mashavu yamevimba.

"Mnafanana na vyura wawili," bibi alisema.

Asubuhi Chuma, mkewe na Kitinda walikwenda zahanati pamoja. Daktari alimsikiliza Kitinda, akampima moyo na presha. Chuma naye alipimwa presha. Kisha akasema wote wawili wapimwe damu.

"Waambieni wahudumu mapema kwamba mnazimia," nesi alikuwa amewaambia. "Watawalaza. Ni haki yenu, si aibu."

Chuma alimwambia mhudumu, ingawa kwa sauti ya chini kama ya mtu anayekopa. Mhudumu hakucheka hata kidogo. Aliwaonyesha vitanda viwili vilivyokuwa sambamba.

Kitinda alianza. Alilala, akakaza mapaja, akageukia ukutani. "Tayari," mhudumu alisema. Kitinda hakuamini. Alikuwa anaona ukuta vizuri, pamoja na ufa wake wote.

Kisha ikawa zamu ya baba yake. Sindano ilipokaribia, Chuma alianza kutoka jasho.

"Baba, kaza mapaja!" Kitinda aliamuru. "Na tumbo! Kaza!"

"Nakaza, mama, nakaza."

"Umelegea! Kaza tena!"

Chuma alikaza mpaka kitanda kikalia. Masikio yalivuma kidogo, kisha yakanyamaza. Alipofumbua macho, mhudumu alikuwa ameshashika kichupa. Chuma alikitupia jicho mara moja tu. Damu yake mwenyewe, na yeye bado ana fahamu zake.

"Ndiyo hii iliyonitesa?" alisema.

Majibu yalipotoka, Kitinda hakuonekana na tatizo jingine. "Ni kuzimia kwa kuona damu tu," daktari alisema. "Lakini ukianguka bila kuona damu, au ukianguka ukiwa katikati ya mbio, au ukikaa muda mrefu bila kuzinduka, rudi haraka. Si kila kuanguka ni kwa aina hii." Kwa Chuma, daktari alikuta presha imepanda. Alimpa dawa, akamwambia apunguze chumvi.

"Usingekuja leo, usingejua," daktari alisema.

"Mimi ni mzima, nipimwe nini?" mkewe alimwigiza.

Wiki hiyo Chuma alikwenda shuleni akiwa amevaa shati safi. Aliomba ruhusa kwa mwalimu azungumze na timu ya netiboli. Wasichana walikaa kwenye nyasi, wakamtazama yule mtu mkubwa.

"Mnanijua," alisema. "Nyama mnayokula kwenu naikata mimi. Mimi nikiona damu yangu, nazimia. Binti yangu amechukua kwangu. Si kifafa, na hata kingekuwa kifafa, mwenzenu hakimbiwi. Akianguka, mlazeni chali, mpandishieni miguu, mumpe nafasi apumue. Atazinduka awaulize magoli."

Wasichana walicheka. Yule aliyesema "msimguse" aliinamisha kichwa. Baadaye alimfuata Kitinda, akampa mpira.

Mechi kubwa ilipofika, familia nzima ilikwenda uwanjani. Kitinda alicheza kama aliyefunguliwa kamba. Kipindi cha pili alijikwaa, kiwiko kikapasuka, damu ikamtiririka mkononi.

Kitinda alikaa chini mara moja. Alifumba ngumi, akakaza mapaja, akapumua. Wenzake wawili walimkingia jua. Mwalimu alimfunga kitambaa. Baada ya muda alinyanyua kichwa. Uso wake ulikuwa na rangi yake, na watu wakapiga makofi.

Mama yake alipiga makofi kuliko wote. Akageuka kumwambia mumewe, "Umeona mwanao?"

Chuma hakuwa kwenye benchi. Alikuwa amelala chali kwenye nyasi, miguu yake ameiegemeza juu ya benchi, jasho linamtoka.

"Baba Kitinda! Si ulisema damu ya mwingine haikusumbui?"

"Mwingine nani?" Chuma alijibu, akikaza mapaja. "Yule ni damu yangu mwenyewe."