Silinda ya Nne

Injini ya gari la Mwalimu Asajile ilihesabu hadi tatu, ikanyamaza, kisha ikaanza upya. Tu, tu, tu, kimya. Tu, tu, tu, kimya. Kila ilipofika kwenye kimya kile, gari zima lilitikisika kama mtu anayezuia kutapika.

Lilikuwa gari la michezo, jekundu, la milango miwili, tumbo lake likikaribia kugusa ardhi. Mwalimu alilinunua Masukulu, ambako lilikuwa limelala miaka miwili chini ya migomba, likinyeshewa na mvua za Rungwe zisizojua kukoma. Mwenye gari hakutaka hata kulisogelea. Alimrushia funguo kutoka kibarazani, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Plagi moja haichomi," alisema fundi Hashimu, ambaye gereji yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwa Mwalimu, pale Bulyaga. Babu yake Hashimu alikuja Tukuyu kutoka Kilwa akiwa na msahafu na sanduku la spana, na mjukuu alivirithi vyote viwili. "Niletee, mwalimu. Nipulize mashimo kwa kompresa, tutoe plagi na koili zake, tufunge mpya. Ni kazi ya saa moja."

"Nimefundisha fizikia miaka kumi na tisa, fundi. Nishindwe na plagi nne?"

"Haya. Ila hilo si daftari la kidato cha pili. Ukikosea, halifutiki."

Watu waliokuwa wakisubiri pikipiki zao wakacheka. Mwalimu hakucheka, wala hakusahau.

Jumamosi asubuhi alitandika taulo jeupe kando ya gari, akapanga spana zake kwa urefu. Mkewe, Lilian, alikuwa akitoka kwenda sokoni. Binti yao Atupele, mwenye miezi minane, alikuwa amelala ndani na mafua yake.

"Baba Atupele, akiamka, uoge kwanza ndipo umshike. Utakuwa umejaa oili mpaka kwenye ndevu."

"Nitaoga, mama. Nenda."

Alichomoa waya wa betri, akafungua mfuniko wa injini, akalegeza boliti. Koili ya kwanza, iliyofunika plagi yake shimoni, ilitoka kavu. Ya pili ikatoka kavu, na ya tatu vilevile. Ya nne iling'ang'ania, kisha ikaachia kwa mlio laini wa kunyonya, kama titi linapotoka kinywani mwa mtoto. Na chini yake shimo lilikuwa limejaa maji hadi ukingoni.

Hayakuwa maji ya mvua tena. Yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, na juu yake utando kama wa maziwa yaliyopoa, na utando ule ulipanda ukashuka, polepole, ingawa hakuna aliyeligusa gari. Harufu ilipompata, alirudi nyuma hatua mbili: nywele zilizooza, petroli, na matapishi ya mtoto.

Kuitoa plagi kabla ya kuyaondoa maji kungeyamwaga ndani ya silinda. Kompresa ilikuwa hatua mia mbili tu. Mwalimu aliutazama upande wa gereji, akakisikia kile kicheko. Basi akakata kipande cha mpira mwembamba, akakumbuka jinsi babu yake kule Suma alivyomfundisha kunywa kimpumu kwa mrija, pombe ya ulezi ikipanda kutoka chunguni kwa pumzi moja ndefu. Akautumbukiza mpira shimoni, akaweka mdomo, akavuta.

Maji yalikuwa ya vuguvugu. Injini ilikuwa baridi tangu jana, lakini maji yale yalikuwa na joto la mate, mazito kama ute wa bamia, nayo hayakungoja kuvutwa. Yalipanda yenyewe, yakamjaa kinywani, na kabla hajatema, kitu chororo ndani yake kikageuka, kikaupapasa ulimi wake, kikateleza kooni.

Alikohoa, akatema, akajifuta kwa kiganja. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza kazi, akaondoa masalia kwa kitambaa, akatoa plagi za zamani, akafunga mpya kwa spana hadi zilipokaza, akaweka koili, akarudisha waya, akawasha. Injini ikahesabu nne, safi, bila kosa. Mwalimu akatabasamu peke yake.

Ndipo Atupele akaamka akilia, pua imeziba, uso umeiva kwa kukosa hewa. Mwalimu alikimbia ndani. Hakuoga. Alimpakata, akaweka mdomo wake puani pa mtoto, akamnyonya kamasi kama wafanyavyo wazazi wote, akatema dirishani. Mtoto akanyamaza papo hapo. Alinyamaza mno.

Lilian aliporudi, aliuliza, "Umeoga?"

"Nimeoga."

Jumapili chai ikawa na ladha ya oili. Jumatatu, darasani, wanafunzi wa dawati la mbele walihamia nyuma mmoja mmoja, wakiziba pua kwa sweta zao. Jumanne alihisi unywele katikati ya meno, akauvuta, ukaja, akauvuta tena, ukaja zaidi, mweusi, wenye ute, ukikwangua koo lake kutoka chini sana, hata alipoufikisha urefu wa mkono mzima na bado haujakwisha, aliukata kwa makasi ya Lilian na mwisho wake ukarudi ndani wenyewe, haraka, kama mkia wa panya. Na moyo wake, alipoweka kiganja kifuani, ulihesabu hadi tatu, ukanyamaza, ukaanza upya.

Jumatano, saa nane mchana, ukungu ukiwa umeifunika Bulyaga hata taa zikawashwa, Lilian alimleta Hashimu. Fundi alikuwa na sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani, na chupa ya maji ya kuziosha.

"Fundi," Mwalimu alinong'ona, "mimi ni Mkristo, Mmoraviani."

"Sikuja kukusilimisha, mwalimu. Nimekuja kukutapisha. Uliyanyonya maji ya shimo la nne?"

Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Kwa mdomo? Na kompresa yangu ipo?" Hashimu alitikisa kichwa. "Maji yale yalikuwa na mwenyewe."

Walimkalisha uani, ndoo tupu ya oili miguuni pake. Hashimu aliziosha aya, akayarudisha maji ya zafarani chupani, na Mwalimu akanywa, yakabaki kidogo. Tumbo likajaa, likasogea, na sauti ikatoka ndani yake bila midomo kufunguka, sauti yenye majimaji.

"Nilikuwa nimelala chumba cha nne. Kuna giza, kuna maji. Huyu akaja na mrija, akaninywa."

"Toka," alisema Hashimu.

"Natoka. Humu pakavu, pamechakaa, pananuka chaki. Natoka sasa hivi."

Hapo ndipo Hashimu alipoogopa. Alikuwa ameona majini wakibisha na wakitaka ubani, wengine wakilia hadi alfajiri; hakuwahi kumwona anayekubali upesi hivyo.

Mwalimu alijikunja. Kilichotoka kilitoka polepole, kikimtanua taya, cheusi, kinachong'aa kwa oili, kimeviringwa nywele kama kifuko, nacho kilipoangukia ndooni kililala ubavu kikipumua. Kilikuwa na bega moja. Kilikuwa na sikio moja, na nusu ya mdomo. Lilian alitapikia ukutani. Hashimu alikimwagia petroli, akakichoma, na moshi wake mzito ulinuka maziwa yaliyochacha.

Kisha fundi alichuchumaa mbele ya Mwalimu.

"Kile kilikuwa nusu," alisema kwa sauti ya chini. "Nisikilize vizuri. Tangu Jumamosi, mdomo wako umemgusa nani? Sema tu. Mtu mzima nitamtapisha. Kama ni mtoto, ni matone matatu ya maji haya, leo hii, yamekwisha. Kesho sitaweza."

Chupa ilikuwa mkononi mwake. Lilian alisimama mlangoni, Atupele begani, akimtazama mumewe.

"Uliniambia ulioga," alisema Lilian. "Si ndiyo, baba Atupele?"

"Nilioga," alisema Mwalimu. "Sijamgusa mtu."

Hashimu alifunga chupa, akaondoka zake ukunguni.

Ijumaa mchana mvua ilinyesha. Mwalimu alikuwa mezani chumbani akisahihisha madaftari, hana harufu tena, moyo wake ukihesabu sawasawa. Gari lilikuwa uani, limezimwa. Ndipo alipoisikia: tu, tu, tu, kimya. Aliinuka kwenda dirishani kulitazama; lakini sauti haikutoka uani. Ilitoka kitandani, nyuma yake, ambako Atupele alikuwa akivuta pumzi tatu fupi, kisha hakuna, kisha tatu tena, na puani pake utando wa rangi ya chai iliyolala ulipanda, ukashuka.

"Maskini, pua imeziba tena," alisema Lilian, aliyekuwa kando ya kitanda, akiinama.

Neno lilikuwa kwenye ulimi wa Mwalimu: usimnyonye. Lakini nyuma ya neno lile kulikuwa na jingine ambalo lazima lifuate, na Mwalimu, kalamu nyekundu mkononi, alisita kwa muda wa pumzi moja.

Lilian aliweka mdomo, akavuta. Hakutema.

Tu, tu, tu, akapumua mtoto. Na ya nne ikasikika kooni mwa Lilian, alipomeza.