Tarehe ya Kuondoka

Shuka za chumba namba tatu zilikuwa na joto. Mama Shuka alizileta ofisini amezikumbatia, akaziweka juu ya meza ya mkurugenzi, kando ya kikombe chake cha chai, akamwomba azishike.

"Nizishike za nini?"

"Nimetandika saa mbili asubuhi, Bosi. Saa nne nimekuta kitanda kimelaliwa. Zishike tu. Na zinanuka pasi."

Zilinuka kweli, ile harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Lakini chumba namba tatu hakikuwa na mtu. Nyumba nzima haikuwa na mtu, isipokuwa Mama Shuka aliyesafisha, mkurugenzi aliyekaa, na msichana wa tovuti. Kampuni ilikuwa na nyumba nne za kupangisha watu wa likizo. Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na sebule yake ya mbele ndiyo iliyokuwa ofisi. Msimu ulikuwa haujafunguliwa.

Mkurugenzi alizisukuma shuka kwa ncha ya kalamu.

"Ukichoka, mama, sema umechoka. Usilale kwenye vitanda vya wageni halafu uniletee joto la mwili wako mezani."

Mama Shuka alichukua shuka zake akaondoka. Mkurugenzi alikuwa mtu wa kudharau kwa mpangilio. Aliwadharau wageni kwa sababu waliuliza kama maji ya bafuni ni ya moto. Aliwadharau wafagiaji kwa sababu walifagia. Mafundi aliwadharau zaidi, kwa kuwa walijua vitu asivyovijua. Yeye mwenyewe hakuweza kuambatanisha picha kwenye barua pepe bila kuita mtu, na udhaifu huo aliuita cheo.

Mkurugenzi alimwita msichana wa tovuti Msomi. Alilitamka kama mtu anayemwita kuku mheshimiwa. Msichana alikuwa na shahada, ni kweli, na tovuti aliijenga peke yake kwa miezi minane: kila picha, kila kalenda, kila kitufe. Kwenye ukurasa wa Kuhusu Sisi palikuwa na picha moja tu, ya mkurugenzi amekunja mikono, na chini yake maneno aliyoyatunga mkurugenzi mwenyewe: "Mkurugenzi na msomi wa masuala ya ukarimu." Mara mbili msichana aliomba jina lake liwekwe, chini kabisa, kwa herufi ndogo.

"Umeona wapi fundi bomba akabandika jina lake kwenye bomba?" alijibiwa.

Wiki hiyo ilikuwa ya maandalizi. Wageni wangeanza kumiminika Jumatatu iliyofuata, na tovuti ilitakiwa iwapokee bila kuzimia. Msichana alipunguza uzito wa picha mia mbili na kumi. Alifungua kalenda ya miezi mitatu. Alihakikisha watu wawili hawawezi kukinyakua chumba kimoja kwa wakati mmoja. Na siku ya Jumatatu, akiijaribu fomu ya kuhifadhi chumba, aliona kasoro. Akaenda kusema.

"Bosi, fomu inampokea hata mtu asiyejaza tarehe ya kuondoka. Naomba siku moja niirekebishe."

"Nani atachukua chumba bila kusema anaondoka lini?" Mkurugenzi alicheka. "Jini?"

Akaivuta kompyuta ya msichana kwake, akaandika kwa vidole viwili, akisoma kwa sauti. Jina la mgeni: Bwana Yeyote. Idadi ya wageni: mmoja. Chumba: namba tatu. Kuwasili: leo. Kuondoka: akaliruka. Chini kulikuwa na kisanduku cha mahitaji maalumu. Akamtazama msichana, akaandika: "Ahudumiwe na msomi." Kwenye anwani ya barua pepe alipiga herufi zozote zilizokuwa karibu na vidole vyake, akabofya. Tovuti ikajibu kama ilivyofundishwa kumjibu kila mtu: "Karibu. Nyumba ni yako."

"Umeona? Dunia imeisha?"

Dunia haikuisha. Jumanne msichana aliirekebisha fomu, kisha akataka kumfuta Bwana Yeyote. Tovuti ilikataa. Mgeni akishathibitisha kwamba amefika, nafasi yake haifutwi wala haibadilishwi mpaka aondoke. Sheria hiyo aliiandika yeye, na aliiandika vizuri. Alitazama kumbukumbu. Jumatatu, saa nane na dakika kumi na tatu mchana, mtu mwenye anwani isiyokuwepo duniani alifungua barua ya kumkaribisha na kubofya neno "Nimefika".

Hakumwambia mkurugenzi. Alijua angejibiwa nini. Alijisemea kuwa ni hitilafu, akaiandika kwenye orodha ya hitilafu, nambari kumi na saba. Jumatano ndipo Mama Shuka alipoleta shuka.

Siku hiyohiyo, saa nane mchana, kengele ililia juu.

Kila chumba kilikuwa na kengele ndogo ya shaba kando ya kitanda. Mkurugenzi alizinunua kwa ajili ya picha. Hapakuwa na mhudumu wa kuziitikia na hakuna aliyewahi kuzipiga. Msichana alitazama dirishani: Mama Shuka alikuwa uani, mikono yote miwili ndani ya ndoo. Mkurugenzi alikuwa mbele yake, akikata kucha.

"Panda ukaone, Msomi," alisema bila kuinua macho. "Labda panya wako wamesoma pia."

Ngazi zilikuwa kumi na sita. Kwenye ya tano alianza kuisikia ile harufu, kwenye ya kumi ikamjaa puani, na alipousukuma mlango wa chumba namba tatu, hewa iliyotoka ilikuwa kavu na nzito kama ya chumba kilichofungiwa jiko. Pazia lilikuwa limeshushwa. Maji kwenye glasi ya mezani yalitoa mvuke. Godoro lilikuwa limebonyea kwa umbo la mtu mrefu kuliko kitanda, na ubao wa miguuni, pale ambapo visigino vingefika, ulikuwa umeungua alama mbili.

"Mto," ilisema sauti. Haikutoka kitandani. Ilitoka nyuma ya sikio lake.

Mto ulikuwa juu ya kiti. Aliuchukua akauweka kitandani, nao ukadidimia.

"Mwingine."

Akaleta mwingine.

"Wewe ndiye msomi?"

Kwa miezi minane alikuwa ameitwa hivyo, na kwa miezi minane aliitika. "Ndiyo," alisema.

"Mzito kama gogo," ilisema sauti. "Walinisifia bure."

Saa kumi na moja jioni, jua likiwaka bado, alichukua mkoba wake akaelekea getini. Alishika komeo, na kengele ikalia juu, mara moja, bila haraka, kama mtu anayejua hana sababu ya kupiga mara ya pili, na miguu yake ikageuka, si yeye aliyeigeuza, ikamrudisha uani, ikampitisha mbele ya Mama Shuka aliyekuwa akimwita mwanangu, mwanangu, unakwenda wapi tena, ikampandisha ngazi zote kumi na sita mpaka chumbani, alikoambiwa afungue pazia, kisha alifunge, kisha asimame pale mlangoni asubiri mpaka kitakapokumbukwa alichoitiwa.

Alijaribu geti mara tatu. Mara ya tatu hakufika hata kwenye komeo. Mama yake alipopiga simu alimwambia kazi zimembana, akalala chini ya meza yake ya ofisini.

"Naona umehamia," mkurugenzi alisema asubuhi. Alinusa hewa, akasogeza kiti chake karibu na mlango wa nje. Yeye geti lilimruhusu. Aliingia na kutoka apendavyo. "Kama unatafuta mapumziko kabla ya msimu, omba. Usinifanyie maigizo."

"Bosi, si ukanushe ulichoandika? Upande umwambie ulikuwa unatania."

"Mimi nipande ngazi nikaongee na godoro?"

Alhamisi nzima kengele ililia. Mito, maji, pazia. Kila alipoharakisha aliambiwa anatembea kama mgonjwa, na kila alipotulia aliambiwa ana kiburi cha shule. Alianza kugundua, kwa hofu iliyochanganyika na aibu, kwamba sauti ile haikumwambia jambo lolote ambalo hakuwa amelizoea.

Ijumaa Mama Shuka alimleta mjomba wake, mganga. Alikuwa mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakuja na mkoba wala chetezo. Aliketi kwenye kiti cha mkurugenzi bila kuombwa.

"Ubani uko wapi, mjomba?" Mama Shuka alinong'ona.

"Wa nini? Nipeni karatasi aliyoingilia."

Msichana alimchapia ile fomu. Mganga aliisoma kidole kikifuata mstari, akapanda juu, akakaa muda wa kutosha chai kupoa. Aliposhuka alikuwa akifuta miwani.

"Hakuna uchawi hapa," alisema. "Mmemwandikia. Mmemwita yeyote, naye akajiona ni yeyote. Mmemwambia nyumba ni yake. Sasa mnataka nimfukuze mwenye nyumba. Mimi huwatoa walioingia bila kualikwa."

"Ataondoka lini?" msichana aliuliza.

"Kwani aliyeandika alitaka aondoke lini?"

Wote walimgeukia mkurugenzi. Aliitazama kalenda ukutani, kama vile anatafuta siku yenye nafasi.

"Ulikuwa mzaha," alisema.

"Yeye hajui mzaha. Ni wa kusoma. Anafuata kilichoandikwa." Mganga alimtazama msichana kwa mara ya kwanza, bila huruma nyingi. "Kimeandikwa msomi, amepewa msomi. Atakuwa naye mpaka tarehe ambayo haipo."

Mama Shuka alianza kulia kimyakimya. Msichana hakulia. Alikuwa mtu wa kurudia kusoma, hata risiti ya duka.

"Mzee," alisema, "anafuata kilichoandikwa tu?"

"Herufi kwa herufi."

"Basi mimi sijaandikwa popote."

Aliuchapa ukurasa wa Kuhusu Sisi, akapanda nao. Joto la mlangoni lilimkausha macho, lakini aliuweka ule ukurasa juu ya kitanda, katikati ya umbo, akaunyoosha pembe zake nne.

"Isome mwenyewe," alisema. "Mimi hapa naitwa hivyo kwa dharau tu. Msomi ni huyo mwenye picha."

Karatasi ilianza kugeuka rangi ya kahawia kutoka pembeni, taratibu, ikaungua picha, ikaungua jina la kampuni, ukabaki mstari mmoja mweupe, ule wa chini ya picha.

"Siku tatu," ilisema sauti, "nimepotezewa na kibarua."

Kengele ikalia. Chini kiti kiliburuzwa. Alipokuwa akishuka alikutana na mkurugenzi katikati ya ngazi, anapanda, kalamu mkononi, mdomo wazi, miguu ikimtangulia.

"Msomi," alisema kwa sauti ambayo msichana hakuwahi kuisikia. "Tafadhali. Anataka nini?"

"Mto," alisema. "Huanza na mto."

Angeweza kuondoka saa hiyohiyo. Mganga alishaondoka. Lakini kuacha kazi bila makabidhiano kulimkera kuliko jini, kwa hiyo alikaa saa mbili zaidi, akaandika kurasa sita: nywila zote, jinsi ya kufungua kalenda, jinsi ya kubadilisha maneno na picha kwenye kila ukurasa. Alihesabu hatua moja baada ya nyingine, kwa lugha nyepesi kiasi cha kueleweka hata na mtu asiyeweza kuambatanisha picha. Aliziweka mezani, akaweka kikombe juu zisipeperuke. Getini alishika komeo, akasubiri. Kimya. Akatoka.

Msimu ulifunguliwa na tovuti haikuyumba. Kila siku aliichungulia akiwa kwao, kwa fahari na kwa hofu. Wiki ya pili Mama Shuka alimpigia simu.

"Bosi hashuki, mwanangu. Chai namwachia kwenye ngazi. Amekonda mpaka suruali anaishika kwa mkono."

"Na mgeni?"

"Wageni. Kwenye kompyuta, chumba namba tatu kimeandikwa wanne. Jana usiku Bosi alinitupia kikaratasi, anaomba nimpelekee yale makaratasi uliyoyaacha, na kompyuta. Nimempelekea. Nimekosea?"

"Hapana," msichana alisema, kwa kuwa hakufikiria haraka. "Hajui kuitumia."

Siku tatu baadaye, mchana, aliufungua ukurasa wa Kuhusu Sisi. Picha ilikuwa ileile. Chini yake palibaki neno moja: "Mkurugenzi." Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kama alivyoomba mara mbili, palikuwa na jina lake. Majina yake yote matatu, hakuna herufi iliyokosewa. Mbele yake: "Fundi wa tovuti na msomi."

Alilisoma. Kitu cha kwanza alichokisikia moyoni, na baadaye alijichukia kwa hilo, kilikuwa furaha. Akalisoma tena kuhakiki nafasi kati ya maneno. Hatua zote zilifuatwa sawasawa.

"Nani ameacha pasi?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

Pasi yao iliharibika tangu mwaka jana.

"Halafu hiyo kengele," mama yake aliendelea, akija na taulo mkononi. "Kwani sisi tuna kengele?"

Alifika sebuleni, akasimama. Binti yake alikuwa ameshainuka kwenye kochi, uso umegeukia mlango wa nje, na mikononi alikuwa ameshika mto.