Mwendo wa Kuongea

Sindano, kama mtaa ulivyomwita fundi huyu wa kike wa nguo, hakutulia kwenye kiti. Alishona mshono mmoja wa sare, akasimama. Akaenda dirishani, akarudi. Akakanyaga cherehani, uzi ukakatika. Ilikuwa mara ya nne asubuhi hiyo.

"Hicho kiti kina siafu?" aliuliza mdogo wake wa kiume. Alikuwa anamalizia chai kabla ya kwenda kazini. Alikuwa mpokea simu katika ofisi ya maji. Hakuwa akiona tangu utotoni, lakini masikio yake hayakukosa kitu.

"Kunywa chai yako," Sindano alimjibu.

Zamani ndugu hawa walikimbia pamoja kila alfajiri. Walishika utepe mmoja, kila mtu na ncha yake. Dada alikuwa macho ya wote wawili. "Kona kulia. Tuta. Jiwe kushoto." Kisha ikaja kazi kubwa ya sare za shule. Ikafuata homa. Baada ya homa, tuseme ukweli, ukaja uvivu. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka na nusu. Dada alipoacha kukimbia, mdogo wake naye aliacha. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomchoma dada yake.

Ila jana alikuwa amesema, "Dada, kuna mbio za mtaani baada ya miezi mitatu. Kilomita tano. Ukiona huwezi, niambie mapema. Nitatafuta mtu mwingine."

Mtu mwingine! Sindano hakulala vizuri.

Jumamosi wakatoka na utepe wao. Sindano alivaa saa mkononi. Alitaka dakika zake zilezile za zamani, siku hiyohiyo ya kwanza. Akaondoka mbio. Kufika kona ya pili, kifua kiliwaka moto. Mbele aliona mtaro usio na kifuniko. Akafungua mdomo aseme. Sauti haikutoka.

Mdogo wake akaanguka.

Walichechemea hadi kwa jirani yao, muuguzi anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Muuguzi aliosha goti kwa maji na sabuni.

"Mtaro uliuona?" alimuuliza Sindano.

"Niliuona."

"Mbona hukusema?"

"Pumzi iliniishia."

Sindano aliona aibu mpaka akatazama sakafu.

"Mteja akipotea mwaka na nusu, kisha akaja kushonewa gauni," muuguzi alisema, "utakata kwa vipimo vyake vya zamani?"

"Hapana. Nampima upya."

"Basi na wewe jipime upya. Mwili wako haujui habari za sifa zako za zamani. Kimbia dakika moja, tembea mbili. Rudia mara nane. Siku tatu kwa wiki, na katikati upumzike. Ukizoea, ongeza kidogo kidogo."

"Nitajuaje mwendo ni sawa?"

"Ongea. Ukiweza kusema sentensi nzima, uko sawa. Ukisema neno moja moja huku unahema, punguza. Kifua kikiuma au ukisikia kizunguzungu, simama, uje hospitali."

"Na siku nisipokuwa na hamu?"

"Usiisubiri. Vaa viatu, tembea dakika kumi. Ukiona bado hutaki, rudi nyumbani. Mara nyingi hamu utaikuta njiani."

"Mwenda pole hajikwai," alisema mdogo wake, goti likiwa juu ya kiti. "Mimi ni shahidi."

Goti lilipopona, wakaanza. Sindano aliona haya kutembea barabarani, watu wakimtazama. Wiki ya pili alikosa hamu, akarudi nyumbani baada ya dakika kumi. Wiki ya tatu alipata nguvu, akataka kukimbia kila siku. Mdogo wake akamficha kiatu kimoja siku za mapumziko. Waligombana. Kiatu hakikutoka. Wiki ya nane walikimbia dakika ishirini bila kusimama, na Sindano alikuwa bado anaongea.

Siku ya mbio ilikuwa Jumapili. Sindano alisema njia nzima. Alitaja kona, matuta na madimbwi. Vilipokwisha, akataja rangi za nguo za watu. Walikuwa miongoni mwa wa mwisho kumaliza, wamelowa jasho, hakuna aliyeumia.

Kijana mmoja aliyemaliza mapema akawafuata. "Kaka, una miguu mizuri," alimwambia mdogo wake. "Ukitaka mtu wa kasi wa kukuongoza, mimi nipo."

Sindano aliacha kufungua kamba za viatu. Moyo ulimdunda kuliko kwenye mbio.

"Asante, ndugu yangu," alisema mdogo wake. "Wa kwangu ninaye."

Kisha akageuka upande wa dada yake. "Kesho tunakimbia?"

"Kesho tunapumzika," alisema Sindano, akakaa chini, akatulia.