Kifungo Ndani ya Pindo

Fundi cherehani aliishi na baba yake, wawili tu. Mama alikuwa amefariki, na tangu hapo nyumba ilipwaya. Baba naye alikuwa fundi zamani. Ndiye aliyemfundisha binti yake kushika sindano. Sasa alikuwa anasahau. Mara nyingi alitoka kumtafuta mkewe, akapotea. Kwa hiyo binti akienda kazini alimfungia mlango.

"Kwani mimi kuku, hata nifungiwe?" mzee aliuliza siku moja.

Lo! Neno hilo lilimchoma binti moyoni.

Akanunua kifaa cha kumfuatilia mtu kwa simu, kidogo kama kifungo, cha bei nafuu. Akakishona kimyakimya ndani ya pindo la koti la baba. Akaacha mlango wazi, akaenda zake. Kila akitazama simu, iliandika: kifaa kiko nyumbani. Basi akashona nguo za watu kwa raha.

Jioni akakuta nyumba tupu. Koti liko mezani, pindo limefumuliwa. Kifaa kimo ndani ya kopo la vifungo! Maskini, mzee alipapasa pindo, akaona lina uvimbe, akalifumua, akadhani ni kifungo.

Binti alimtafuta mtaa kwa mtaa huku akilia. Alimkuta kando ya barabara kuu, midomo imekauka kwa kiu.

Kesho yake alimwendea jirani yake, mama mmoja fundi simu.

"Mdogo wangu, simu haikudanganya," jirani alisema. "Inakuonyesha kilipo kifaa, si alipo mtu. Ulimwambia mzee?"

"Ningemwambiaje? Angekataa."

"Mficha uchi hazai. Mwambie. Kumwekea mtu kifaa kwa siri ni kumpeleleza. Tena sikiliza. Hiki kinatuma ishara kwa simu zilizo karibu, nazo ndizo zinazokuletea habari. Pasipo na watu, hupati kitu. Kagua betri. Na alipo mzee usimwonyeshe kila mtu."

Binti akarudi, akamwekea baba kifaa mkononi.

"Haka ndiko katakakonichunga?" mzee aliuliza.

"Nitakuchunga mimi, baba. Haka katanionyesha ulipo tu. Mama ameshaondoka. Naogopa kubaki peke yangu."

Mzee alikigeuzageuza kile kifaa kiganjani.

"Lete shati langu na sindano," akasema. "Wewe unashona kama unafunga gunia."

Akakishona mwenyewe, mshono safi kabisa. Tangu siku hiyo mlango haukufungwa tena.

Wiki iliyofuata simu ilionyesha kituo cha mabasi. Binti alikwenda moja kwa moja. Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa benchi, ameacha nafasi kando yake.

"Nimemwekea mama yako," alisema.

Binti alisimama tu. Basi likaja, watu wakashuka, likaondoka.

"Hatakuja, sivyo?" baba aliuliza.

"Hatakuja, baba."

Mzee alipangusa ile nafasi kwa kiganja.

"Basi kaa wewe."