Jina la Cheche Kwenye Makala

Haya alinisimulia mjukuu wangu, wiki ile vyuo vilipofungwa, tukiwa tunachambua maharage jikoni kwangu. Nilimuuliza tena na tena nisije nikakosea. Sasa nayaandika polepole, kama ninavyosoma.

Mjukuu huyu anasomea sheria. Nyumbani wanamwita Wakili, ingawa mtihani wa mwisho bado. Baba yake, mwanangu wa kwanza, alifariki binti akiwa mdogo. Aliyemlea ni mwanangu wa pili, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Watu humwita Cheche. Nyumba yao ni vyumba viwili nyuma ya karakana. Mchana kutwa ni nyundo na msumeno wa chuma. Binti husoma akiwa ameziba masikio kwa pamba.

Wakili aliandika makala ya utafiti. Ilihusu wenye nyumba wanaowafungia wapangaji milango bila amri ya mahakama. Alitaka itoke kwenye jarida la sheria la chuo chake. Jarida hilo linaendeshwa na wanafunzi wenyewe. Wao ndio wanaopokea, wanaosoma, wanaokubali na wanaokataa. Mwanafunzi ambaye makala yake imetoka humo huangaliwa kwa jicho jingine anapoomba kazi.

Siku ya kutuma, Cheche aliingia akijifuta mikono kwa kitambaa. Akatazama ukurasa wa kwanza.

"Jina langu liko wapi?"

"Baba mdogo, hii ni makala."

"Naona. Jina langu liko wapi?"

Karakana ile ina desturi yake. Geti likitoka pale, hubandikwa kibati chenye jina la Cheche, hata kama limeungwa na vijana wake.

"Nani alikuambia kwamba wenye nyumba huniita nikachomelee mlango, mpangaji akiwa kazini?" akauliza.

"Ni wewe."

"Na ada analipa nani?"

Aliyekulea humkatalii hivi hivi. Binti akaandika jina la baba mdogo juu, lake chini. Akatuma.

Cheche hakukaa na siri. Kila mteja aliambiwa. "Karibuni mtanisoma!"

Mkewe akamtania, "Mtu mwenyewe barua ya shule humalizi bila kusinzia, leo mwandishi!"

Alhamisi likaja jibu la wahariri. Makala imepokelewa. Kila mwandishi aeleze kwa maneno yake sehemu aliyoandika, atie sahihi. Mwisho ni kesho saa kumi na mbili jioni. Akigundulika mtu amesema uongo, makala itaondolewa na wenye makala hawatapokelewa tena.

Wakili akalisoma jibu mara mbili. Akisema kweli, baba mdogo ataaibika mbele ya mtaa mzima. Akisema uongo, jina lake litaharibika kabla hajaanza kazi.

"Jambo jepesi hilo," alisema Cheche. "Nitungie maneno, nitie sahihi."

Siku hiyo binti hakula.

Ijumaa mchana jirani yao alikuja kuchukua nondo za dirisha lake. Ni dada aliyemaliza sheria mwaka uliotangulia, na aliwahi kuwa mhariri wa jarida lile lile.

"Dada, na sisi tumeingia kwenye jarida lenu!" Cheche akamwambia.

Dada akasoma lile jibu kwenye simu ya binti. Tabasamu lake likafutika.

"Fundi, uliandika ukurasa upi?"

"Mambo ya milango yote ni yangu."

"Kuandika, fundi."

"Sikuandika. Kwani kuna nini? Geti la hapa hutoka na jina langu."

"Sawa. Geti hilo likimwangukia mtu, anayeitwa ni nani?"

"Mimi. Na ninakwenda. Kila kiungo nimekikagua."

"Na makala hii ikipingwa? Wakikuuliza hukumu ya ukurasa wa tano inasemaje?"

Cheche akajikuna kichwa. "Watamuuliza Wakili."

"Ndiyo hapo. Jina juu ya makala maana yake ni hii: nimeiandika, niulizeni mimi. Halilipii ada. Si zawadi ya heshima."

Uso wa Cheche ukabadilika.

"Kwa hiyo mimi si kitu! Nimelea, nimesomesha, halafu watoto wa chuo wanitoe nje!"

Akatoka. Msumeno ukaanza kulia kuliko siku zote. Wakili naye akaanza kulia.

"Dada, umenimaliza. Akiacha kunisomesha nitakwenda wapi?"

Saa ilikuwa inakwenda. Mama mdogo, mke wa Cheche, akainuka, akaenda karakana, akachomoa waya kwenye umeme. Msumeno ukakata kauli.

"Hasira zako utazimalizia kwenye chuma kesho," akamwambia mumewe. "Leo mtoto hana muda."

Dada akamfuata Cheche, binti nyuma yake.

"Fundi, hukutolewa nje. Uliwekwa pasipo pako. Wewe ni shahidi. Bila wewe, makala hii ni maneno ya vitabuni tu. Mtafiti akipewa habari na mtu, humwomba ruhusa. Kisha hueleza chini ya ukurasa habari ametoa wapi. Maelezo hayo ndiyo tanbihi. Na shukrani zina mahali pake, makala ikishakubaliwa."

"Nitaandikwa jina kwenye hiyo tanbihi?"

"Ukitaka. Lakini wenye nyumba ni wateja wako. Unaweza kuandikwa 'fundi wa kuchomelea' basi. Uamuzi ni wako."

Cheche akamgeukia binti. "Wewe, uliniomba ruhusa?"

"Sikuomba, baba mdogo."

"Kumbe nawe umekosea."

"Nimekosea. Nisamehe."

Cheche akashusha pumzi. "Basi tumekosea wote, hakuna wa kumcheka mwenzake. Ruhusa nimetoa. Andika fundi tu. Na zile mara mbili nilizokwenda mwenyewe, nikachomelea, nikaacha sufuria za watu ndani na watoto wao nje, ziandike. Usinifichie."

Wakaingia ndani. Binti akamsogezea dada kompyuta.

"Siandiki mimi," dada akasema. "Kazi ni yako. Waambie wahariri kosa lenyewe bila kuzungukazunguka. Ondoa jina la baba mdogo. Na lako pia litoe ndani ya makala, liweke kwenye ukurasa wake peke yake."

"Langu pia?"

"Wanaosoma hawatakiwi kujua ni ya nani. Hawapimi jina, wanapima hoja. Umeituma kwingine?"

"Rafiki yangu alisema nitume majarida mawili, moja likikataa..."

"Soma masharti kwanza. Hawa wanataka makala ambayo haiko kwingine."

"Sijatuma."

"Afadhali."

Binti akaandika, akafuta, akaandika. Jua lilikuwa limefika dirishani upande wa barabara alipobonyeza kutuma. Kiduara kikazunguka kwenye kioo. Kikazunguka.

"Imekwenda," akasema. Saa kumi na mbili ilikuwa haijagonga.

Siku zilizofuata hakuna aliyetania mtu nyumbani. Cheche aliwaambia wateja mwenyewe, "Nilijisifu bure. Aliyeandika ni binti yangu." Kisha jibu likaja. Wahariri waliona marekebisho, wakashukuru kwamba kweli imesemwa mapema. Makala ikasomwa, ikarudi na maswali mengi, binti akayajibu moja moja. Mwishowe ikakubaliwa, ikatoka.

Siku jarida lilipofika nyumbani, mwenye nyumba mmoja alikuja karakana. Alitaka mlango wa mpangaji uchomelewe kabla ya jioni.

"Amri ya mahakama iko wapi?" Cheche akauliza.

"Amri ya nini? Mlango ni wangu."

"Mlango ni wako. Anayeishi ndani si wako. Nenda kwanza mahakamani."

Yule bwana akaondoka akinung'unika. Vijana wa karakana wakapiga nyundo kwa kicheko.

Baada ya chakula Wakili aliwasomea makala yote. Mama mdogo alisinzia katikati ya makala. Wakili naye akajilaza alipomaliza, akimtazama baba mdogo kwa pembe ya jicho. Cheche akabaki na jarida, kidole kikifuata mistari. Akaitafuta tanbihi inayomhusu, akaipata, akaisoma mara mbili. Akafunga jarida, akazima taa, akalala.