Gauni la Zambarau

"Usilichukue koti hilo, mzee. Mabega yake yanakutangulia."

Mzee Hatibu aligeuka. Ng'ambo ya rundo la mitumba, katika msongamano wa soko la Morogoro, alisimama mwanamke wa makamo yake. Alivaa gauni la zambarau lililoshuka vizuri chini ya magoti, mikono ikiishia kwenye viwiko. Kitambaa cheupe kilifunga nywele zake, na mvi zilizochungulia hakujisumbua kuzificha.

"Wewe ni fundi, bibie?"

"Nilikuwa muuguzi. Nimefunga watu bandeji mpaka nikastaafu, najua bega lilipo."

Akampekulia rundo, akamtolea koti la kijivu. Hatibu alilivaa palepale, akajiona mrefu.

Jina lake Shamsia, mjane, wa Mafiga. Hatibu naye alikuwa mgane, karani mstaafu wa reli. Wiki haikuisha kabla simu haijalia katika duka la dawa la jirani.

"Shangazi, simu," Riziki mwenye duka aliita huku akicheka. "Yule wa koti."

"Leo umevaa nini?" Hatibu aliuliza.

"Mzee mzima unauliza maswali ya vijana."

"Kijana huuliza tu. Mimi nataka jibu."

"Gauni la kijani. Lina kola."

"Basi nakuja kuiona kola."

Alikuja, na akaendelea kuja. Alimkuta kwenye cherehani akipunguza viuno na kushusha mapindo, akizifanya nguo za watu wa mbali ziwe zake. Siku moja Shamsia alimweleza. Miaka yake mizuri ilipita kwenye sare ya kazi na foleni za maduka ya ushirika, ambako kitambaa kilichokuja kilikuwa kimoja na mtaa mzima ulivaa hichohicho. "Sasa soko limefunguliwa, na mimi bado nipo," alisema. "Sitaki kuvaa kama mjukuu wangu. Nataka kuvaa kama mimi." Hatibu aliushika mkono wake. Akasema wataoana, ila kwanza ampeleke Mkuyuni kwa dada yake mkubwa, Bi Mosi, aliyemlea.

Siku chache kabla ya safari alikuja na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na kaniki na kanga iliyopauka.

"Hivi ndivyo utakavyovaa, mpenzi. Dada hapendi mambo ya mjini. Ametuma neno. Anasema mwanamke wa umri wetu hajipambi."

"Gauni linafunika magoti, Hatibu. Linafunika kila kitu."

"Ni kwa ajili ya dada tu."

"Nilipokuwa na umri wa kuvaa, nguo hazikuwepo. Sasa zipo, mnaniambia umri umepita."

Hatibu aliondoka bila kunywa chai. Simu zikalia, na Shamsia akamwambia Riziki aseme hayupo. Lakini jioni zilikuwa ndefu, na kile kicheko cha Hatibu kwenye simu alikuwa amekizoea. Mwishowe akapiga yeye.

"Nitavaa. Kwa siku moja, kwa ajili ya dada yako."

"Mungu akuweke, mama."

Walifika Mkuyuni ndizi zikishushwa sokoni, milima ya Uluguru imejifunika ukungu. Hatibu alikuwa na koti lake la kijivu na viatu vilivyong'aa. Shamsia alimfuata nyuma na kaniki yake na ndala, akijiona kama mtu anayekwenda msibani.

Mlangoni alisimama bibi mwembamba, amejifukiza udi, amefunga kilemba cha njano. Chini ya kwapa alibana kitambaa kipya cha buluu.

"Shikamoo, dada," alisema Shamsia.

"Marahaba." Bi Mosi alimtazama kuanzia kichwani hadi ndala, kisha akamgeukia mdogo wake. "Huyu anaumwa? Mbona umeniletea mgonjwa? Mwenye gauni la zambarau yuko wapi?"

Akakikunjua kile kitambaa cha buluu mbele yao.

"Ulikaa hapa ukamsifu mpaka uji ukapoa. Nikauza kuku wangu nikanunua kitambaa hiki, aje anishonee kama lake. Nimevaa magunia maisha yangu yote."

"Dada," Shamsia aliuliza taratibu, "wewe hukutuma neno?"

"Neno gani?"

Shamsia alimtazama Hatibu. Hatibu alitazama viatu vyake.

"Wenzangu wa barazani," alisema mwishowe. "Wanasema mwanamke wa umri huo akijipamba hivyo, ujue ana mwingine. Walinicheka, Shamsia."

"Ukamsingizia dada yako."

"Niliogopa."

"Na koti lako je? Hilo hawakulicheka?"

Shamsia aliomba uzi. Akampima Bi Mosi, bega, kifua, urefu, akifunga fundo kila kipimo, machozi yakimdondokea kwenye kitambaa cha buluu. Bibi alijifanya hayaoni. Kisha Shamsia aliingia chumbani, akatoa gauni la zambarau kwenye mkoba alimolibeba kwa matumaini ya kulivaa jioni, akalivaa. Kaniki aliikunja vizuri akaiacha kitandani. Akarudi mjini peke yake, kitambaa cha buluu mkobani.

Gauni la Bi Mosi lilipopelekwa Mkuyuni, simu ililia.

"Dada halivui hata akienda kisimani," alisema Hatibu. "Nimemwomba radhi. Rudi, mpenzi. Vaa upendavyo, nimekuruhusu."

"Umeniruhusu kitu changu," alisema Shamsia, akarudisha simu mahali pake.

Walikutana tena sokoni, mvua za vuli zimeanza. Hatibu alikuwa na koti lilelile. Kifungo kimoja kilining'inia kwenye uzi. Vidole vya Shamsia vilijikunja, kama vimeshika sindano.

"Kifungo chako kitadondoka, mzee," alisema.

"Nani atanishonea?"

Shamsia alifungua mwavuli, akakusanya upindo wa gauni lake usirukiwe na tope, akapita. Hatibu alibaki pale, mkono kifuani, amekishika kifungo kisianguke.